Sura ya 5: Shilingi Inalala Wapi?

Mtalii anayefika Ujiji hupelekwa moja kwa moja kwenye mnara wa Livingstone na Stanley. Anaonyeshwa miembe, anasimuliwa habari za mwaka 1871, anapiga picha, kisha anarudi Kigoma mjini kulala. Hakuna anayemweleza kwa nini halali palepale Ujiji. Mwaka huo wa 1871 swali hilo lisingekuwepo, maana Ujiji ndio uliokuwa mji na Kigoma palikuwa pahala pa wavuvi tu. Misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora iliishia Ujiji. Sokoni palikuwa na chumvi ya Uvinza, samaki, mawese, pembe za ndovu na, kwa aibu yetu, binadamu pia. Palikuwa na kazi za upagazi, za ufundi wa mitumbwi, za kupiga makasia, za kuwapikia wageni.

Kazi zile zilihama. Ni kweli biashara ya misafara ilishaanza kuyumba, na pembe nyingi zilikuwa zikivutwa upande wa mto Kongo kwenda Atlantiki. Lakini kilichomaliza ubishi kati ya miji hii miwili ni uamuzi mmoja wa serikali kuhusu fedha. Serikali ya Kijerumani ilidhamini mikopo ya reli ya kati, kampuni ya Philipp Holzmann ikaanza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na Februari 1914 ikafika ziwani. Ilifikia Kigoma na si Ujiji, kwa kuwa ghuba ya Kigoma ina kina cha kupokea meli kubwa, ilhali ufuko wa Ujiji ni mchanga na maji ya magotini. Reli ilipofika ndipo palipojengwa bandari, karakana, maghala na ofisi ya forodha. Mtu wa Ujiji aliyetaka kibarua ikabidi aamke alfajiri ashike njia ya Kigoma. Zaidi ya miaka 100 baadaye bado anaishika, ila sasa kwa daladala au bodaboda.

Waziri wa fedha anaposoma bajeti kila Juni, wengi wetu tunategea sikio bei ya petroli, soda na bia. Si vibaya. Lakini ndani ya kitabu kile kuna kazi zinazofunguliwa na kazi zinazofungwa, na aghalabu waliofungiwa hawajui kwamba wametajwa. Mkoa wa Kigoma, uliohesabiwa watu zaidi ya milioni 2.4 katika sensa ya 2022, ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu huku serikali imewahi kutumia mikono yote miwili, ule unaotoa na ule unaochukua, na matokeo yake yanaonekana hata kwa asiyesoma uchumi.

Tuanze na mkono unaochukua, maana ndio uliotangulia.

Vitabu vya uchumi hufundisha kwamba kodi ikizidi, ajira hupungua: mwajiri anabaki na fedha kidogo, mnunuzi ananunua kidogo, kibarua anarudishwa nyumbani. Buha, yaani nchi ya Waha huku Kigoma, ilipata somo tofauti kabisa. Mwaka 1897 Gavana Eduard von Liebert alitangaza kodi ya nyumba, ikaanza kutozwa mwaka uliofuata, rupia 3 kwa nyumba za mashambani. Waingereza walipoipokea nchi waliiendeleza, wakaitungia sheria ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922. Shabaha ya kodi ile haikuwa mapato peke yake. Maofisa wenyewe hawakuona haya kusema kwamba mwenyeji asiyedaiwa fedha hana sababu ya kwenda kufanya kazi kwenye shamba la mzungu.

Sasa tazama hesabu ya Muha wa Kasulu au Kibondo. Ana ng'ombe, ana mtama, ana maharage na migomba. Hana rupia wala, baadaye, shilingi. Hakuna zao la biashara lenye soko la karibu, na mtoza kodi hataki mkungu wa ndizi. Kitu pekee anachoweza kukiuza kwa fedha taslimu ni nguvu zake, na mnunuzi yuko mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Basi akapanda treni ileile iliyojengwa kuleta maendeleo magharibi, akaenda nayo mashariki. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU, na Buha ikawa mojawapo ya visima vyao vikubwa. Wakaitwa manamba. Wengine walirudi na baiskeli na blanketi. Wengine hawakurudi kabisa, na ndiyo maana hadi leo utakuta koo za Waha katika vijiji vya mkonge vya Tanga.

Kwa takwimu tu, kodi ile ilikuza ajira. Ilikuza ajira zaidi ya kilomita 1,000 kutoka nyumbani kwa mlipaji, ikaliacha shamba lake mikononi mwa mke na watoto, na ukulima wa huku ukadumaa kwa sababu vijana hawapo. Ndiyo maana mimi husita mtu akiniambia sera fulani "imezalisha ajira" bila kuniambia wapi, za nani, na nani ameachwa na jembe. Kodi ya kichwa ilifutwa baada ya uhuru, ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo miaka ya 1980, ikaondolewa kabisa mwaka 2003. Wazee wanaokumbuka mgambo wakizunguka alfajiri na vijana wakikimbilia msituni bado wapo.

Turudi kwenye mkono unaotoa. Mwaka 1931 mwanauchumi wa Cambridge, Richard Kahn, alionyesha kwa hesabu jambo ambalo mwenye duka yeyote wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, analijua: serikali ikimlipa fundi, fundi naye atamlipa mtu. Mwanauchumi mwenzake, Keynes, alilichukua wazo hilo akalijengea kitabu chake cha 1936, na dunia nzima ikaanza kuzungumza juu yake. Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme kila anayepokea shilingi 1,000 mjini Kigoma hutumia 700 palepale mjini, na 300 zinaondoka. Wa kwanza anapata 1,000, wa pili 700, wa tatu 490, wa nne 343, na kuendelea. Ukijumlisha mpaka mwisho, ile elfu moja imezalisha mapato ya kama 3,300. Lakini ikiwa zinazobaki mjini ni 200 tu katika kila 1,000, jumla yake haivuki 1,250. Serikali imetoa fedha ileile. Tofauti yote iko katika mahali shilingi inapolala usiku ule.

Nina mifano miwili ya karibuni. Oktoba 2021 Tanzania ilizindua matumizi ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa takriban shilingi trilioni 1.3, uliotolewa kwa ajili ya kukabiliana na UVIKO-19. Sehemu yake ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, kwa shilingi milioni 20 kila darasa. Hayakujengwa na makampuni makubwa. Ilitumika njia iliyozoeleka kwa jina la force akaunti: shule inapokea fedha, kamati inanunua vifaa, fundi wa kijijini anajenga. Miezi ile hapakuwa na fundi mwashi aliyelala njaa. Wafyatua tofali, wachimba mchanga, wenye matrekta, mama lishe wanaopika karibu na saiti, wote walipata. Simenti na mabati yalitoka mbali, na bei yake ilipanda kwa sababu nchi nzima iliyataka kwa wakati mmoja, kwa hiyo sehemu ya fedha ilivuja. Hata hivyo ujira wa mikono ulibaki kijijini, ukaenda dukani, ukalipa madeni ya daftari.

Mfano wa pili ni reli mpya. Desemba 2022 ulisainiwa mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, kwa takriban dola bilioni 2.2, na makampuni mawili ya China ndiyo yaliyopewa kazi. Fedha hizo ni nyingi mno kwa mkoa huu. Lakini vyuma, mashine na wataalamu wakuu wanatoka nje. Kwa shilingi 100 inayotumika, inayolala Uvinza au Kazuramimba ni ya mlinzi, dereva, mbeba kokoto na muuza chai. Sisemi hivyo kuibeza reli, wala sitaki mtu aninukuu hivyo. Darasa huajiri likijengwa. Likikamilika, kazi ya kulijenga imekwisha, na kama hapajaletwa mwalimu, hakuna ajira iliyobaki. Reli ni kinyume chake: faida yake inaanza siku mjenzi anapoondoka. Ikiunganishwa na ile ya kutoka Uvinza kwenda Musongati nchini Burundi, na mizigo ya Kongo ikirudi kupita hapa, makuli, mawakala wa forodha, madereva na mafundi watakuwa na kazi ya miaka, si ya miezi.

Lakini hilo lina sharti. Reli iliyopo tumeiona ikifa huku njia yenyewe ikiwa imetulia pale chini. Mwaka 2007 serikali ilikabidhi uendeshaji kwa ubia na kampuni ya RITES ya India, kwa mkataba uliokusudiwa kudumu miaka 25. Haukufika hata mitano. Ulivunjwa mwaka 2011. Mabehewa yalikuwa yameharibika, safari zimepungua, wafanyakazi wamegoma kwa ajili ya mishahara. Walioumia kuliko wote hawakuwa kwenye orodha ya mishahara ya shirika. Walikuwa wale wanaokimbilia madirishani treni ikisimama Malagarasi, Usinge au Kaliua: mwenye madumu ya asali, mwenye kuku wa kukaanga, binti mwenye sinia la karanga kichwani, kijana wa maji ya kunywa. Treni isipokuja wiki hiyo, stesheni nzima haina soko. Hakuna takwimu ya ajira inayomhesabu binti wa karanga, na kwa hiyo bajeti ya matengenezo ya injini inapokatwa, hakuna anayesema kwamba yeye amefukuzwa kazi.

Meli ni hivyohivyo. MV Liemba, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipandevipande na kuunganishwa hapa Kigoma, ilihudumia vijiji visivyo na barabara mpaka mwambao wa Zambia kwa takriban karne nzima. Ilipoacha safari, wanawake wa vijiji vya kusini waliokuwa wakisafirisha dagaa, mihogo na mananasi kwa mitumbwi mpaka ubavuni mwa meli walibaki na maboti ya mbao, ya bei juu na hatari zaidi. Fedha za kukarabati chombo kikongwe zinaonekana kubwa kwenye karatasi. Gharama ya kutokikarabati haiandikwi popote.

Kodi za siku hizi hazimpeleki mtu Tanga kwa lazima, lakini bado zinachagua kazi ipi iishi. Chukua tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Kelele zilikuwa nyingi, ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, ikapunguzwa tena mwaka 2022, na tozo ya kutuma fedha ikafutwa kwenye bajeti ya 2023/24. Kwa mji kama Kigoma, ambako mfanyabiashara wa dagaa analipwa na mteja aliyeko Dar es Salaam kwa simu, tozo ile haikuwa kero ya mtumaji peke yake. Wakala anayekaa kwenye kibanda chenye mwavuli anakula kamisheni ya muamala. Watu waliporudia kutumana fedha kwa bahasha na dereva wa basi, yeye alibaki anafukuza nzi. Serikali ilikuwa imetafuta fedha za shule na zahanati, nia isiyo na ubaya, ila ilizitafuta mahali ambapo kila chombo cha biashara ndogo hupita.

Ushuru wa mazao una historia bora kidogo. Hadi mwaka 2017 halmashauri ziliweza kutoza mpaka asilimia 5. Mwaka huo ukashushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaachiwa. Mama anayeleta magunia matatu ya maharage kutoka Kasulu akapita getini bila kuandikiwa risiti. Kwa anayeishi kwa faida ya shilingi elfu chache kwa gunia, hilo ndilo linaloamua kama atarudi tena wiki ijayo au ataacha biashara. Hasara iliiangukia halmashauri, ambayo hutegemea ushuru huohuo kulipa vibarua wa usafi na posho za vikao. Vikao vilisalimika. Usafi, sina hakika.

Ipo pia kodi ambayo wengi hawaijui kwa sababu haikatwi kwenye mshahara wao: tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, anayoilipa mwajiri juu ya jumla ya mishahara. Ilikuwa asilimia 6, ikashushwa kidogokidogo mpaka 3.5 mwaka 2023. Tangu 2021 inamhusu mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea. Kabla ya hapo ilianzia wanne. Nafuu ni kubwa, hasa kwa karakana za useremala na uchomeleaji. Lakini hesabu ya binadamu ni ileile: mwenye vijana 9 hataharakisha kuandikisha wa 10. Atamwita "msaidizi", atamlipa kwa siku, na kijana huyo hatakuwa na mkataba wala akiba ya uzeeni.

Kuna kodi moja niitetee, ingawa inanigusa jikoni. Bajeti ya 2018/19 ilipandisha ushuru wa forodha wa mafuta ghafi ya kula hadi asilimia 25, na wa yaliyosafishwa hadi 35. Miaka hiyo serikali ilikuwa ikitaja mahitaji ya nchi kuwa tani 570,000 kwa mwaka na uzalishaji wa ndani kama tani 205,000. Pengo lilijazwa kwa mawese ya Malaysia na Indonesia. Mawese! Na Kigoma ipo. Mwaka huohuo wa 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alianzisha huku kampeni ya michikichi, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikapewa jukumu la mbegu, na JKT Bulombora pamoja na Gereza la Kwitanga wakaingizwa kwenye kazi ya miche. Yaani mara hii mikono miwili ilishikana: ushuru ulimlinda mkulima, matumizi yalimpa mbegu bora ya Tenera badala ya michikichi ya zamani yenye mbegu kubwa na nyama kidogo.

Tatizo ni saa. Ushuru huuma siku unapoanza; mchikichi hukaa miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa. Katikati hapo bei ya mafuta ilipanda mpaka mama lishe wakaanza kupima kwa kifuniko cha chupa. Kila msimu wa bajeti wapo wanaotaka ushuru ushushwe, na mkulima aliyekopa kupanda anakaa roho juu, kwa sababu akiondolewa kinga kabla hajavuna, amekula hasara mara mbili. Ushauri wangu kwa wizara ni mfupi: tangazeni ratiba ya miaka 10 na muishike. Kazi ya mawese ni ya watu wengi, kuanzia anayepanda kukata mikungu, wanaochemsha na kukamua, wanaobangua mise (kokwa za mawese), hadi wanaopika sabuni. Karibu yote hufanyika vijijini, na shilingi yake inalala hukohuko.

Nimebakiza dagaa. Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania ili samaki wazaliane. Lilikuwa jambo lililokubaliwa na nchi nne za ziwa hili. Wenye taaluma walikuwa wamelalamika miaka mingi kwamba dagaa na migebuka wanapungua, na sina sababu ya kuwapinga. Lakini ukiwa umesimama mwalo wa Kibirizi unaona nani anafungwa ziwa likifungwa. Mvuvi wa kipe (chombo cha kuvulia dagaa) anaonekana, ana leseni, ana chama. Asiyeonekana ni mwanamke mwenye ndoo na kitambaa kichwani, anayelipwa kuanika: anamwaga dagaa wabichi juu ya mchanga au chanja, anawatandaza kwa ufagio, anawageuza jua likipanda, anawakimbilia mawingu yakitanda. Halafu kuna mshonaji wa magunia, kuli, mwenye lori.

Hapo ndipo mkono unaotoa ulipaswa kuwa tayari. Chombo kipo. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, inao mpango wa ajira za muda, uliowahi kulipa shilingi 2,300 kwa siku, kwa siku 60 za mwaka, kutengeneza barabara za mitaa, mitaro na vyanzo vya maji. Miezi mitatu ya ziwa kufungwa ni takriban siku 90. Kupanga kazi za namna hiyo mialoni, Kibirizi, Katonga na vijiji vya mwambao, ziendane na tarehe za kufunga ziwa, hakuhitaji sheria mpya. Kunahitaji idara mbili kukaa meza moja kabla ya Mei.

Ipo pia mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya fedha nyingi kutorejeshwa, na iliporudishwa, Manispaa ya Kigoma-Ujiji iliwekwa katika halmashauri 10 za majaribio ya kuitoa kupitia benki. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2023 nayo inataka asilimia 30 ya ununuzi iende kwa vikundi maalumu. Vikundi vya waanikaji wa Kibirizi na wakamuaji wa Ujiji vinastahili fedha hizi, mradi visajiliwe.

Kwa hiyo, msomaji wa Kigoma, usisubiri redio ikusomee bei ya soda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mipango ya kata huandikwa miezi mingi kabla ya hapo. Mkutano wa baraza la madiwani ni wa wazi, na taarifa ya mapato na matumizi ya mtaa wako inapaswa kusomwa mbele yako kila baada ya miezi mitatu. Nenda. Ikitajwa tenda, uliza mzabuni ni wa wapi na vibarua watatoka wapi. Ukitajwa ushuru mpya, uliza nani ataacha kazi kwa sababu yake. Diwani asiye na jibu siku hiyo, mwulize tena kikao kinachofuata.